Kukubali si kuridhia: Wanafunzi wetu na masomo ya mtandaoni

Katika vyuo vikuu vya humu nchini siku hizi ni nadra kwa mkutano wa idara kumalizika kabla ya mtu mmoja kusimama na kudai kwamba dawa ya madarasa yaliyofurika na madeni yasiyolipika ni kuyahamishia masomo mtandaoni. Hoja hiyo ikishatolewa hufuatwa mara moja na lalama kwamba wanafunzi ndio wanaokwamisha mambo: hawaingii darasani kwa wakati, wakiingia huzima kamera, wakiulizwa swali hunyamaza jii, na wakiachiwa hiari hupendelea kubanana ukumbini, wengine wakiwa wamesimama madirishani. Basi huhitimishwa kwamba vijana hawa ni wazembe au hawajazinduka, na kwamba wakishazoea watakubali.

Neno hilo "kukubali" ndilo linaloniwasha mimi niliyejitafutia riziki kwa kuchunguza maneno. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu kama kilivyolipokea "kuridhia", lakini maneno haya mawili hayakai kiti kimoja. Anayeridhia moyo wake umetulia. Anayekubali huenda ameridhia, na huenda pia amechoka tu. Ndiyo maana husemwa kwamba fulani "amekubali yaishe", yaani ameacha kushindana kwa kuwa haoni njia nyingine. Tukiuliza ni mambo gani yanayomfanya mwanafunzi wa chuo kikuu awe tayari kusomea mtandaoni, hatuna budi kwanza kusema ni utayari upi tunaoukusudia.

Nimepata kuuona ule wa pili kwa macho yangu. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa taasisi zote za elimu kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20 mwezi huo viwe vimekwisha kufungwa. Baada ya majuma machache sisi wahadhiri tuliagizwa tufundishe kutoka nyumbani. Darasa langu la fonetiki lilikuwa na wanafunzi 140. Siku ya kwanza waliojitokeza kwenye kioo cha kipakatalishi changu walikuwa 31, na kabla ya saa nzima kupita walikuwa wamebaki 19. Niliwauliza swali jepesi, nikangoja, nikalijibu mwenyewe. Jioni, nikiwa bado nimefura kwa hasira, niliwaandikia ujumbe mkali kupitia kwa kiongozi wa darasa nikiwakumbusha kwamba asiyehudhuria asitarajie kuufanya mtihani.

Majibu yalianza kuingia baada ya saa tatu za usiku, wakati ambapo vifurushi vya data huuzwa kwa bei nafuu. Mmoja aliyekuwa kwao Tana River alieleza kwamba ili apate mawimbi ilimbidi atembee hadi kituo cha biashara, na huko akasimama kando ya duka mpaka betri ilipozimika. Mwingine alisema mama yake alipomwona ameishika simu tangu asubuhi alimtuma maji, kwa kuwa hakuna mtu anayesoma huku anachezea simu. Wa tatu alimalizikiwa na data katikati ya mhadhara. Hayo niliyatarajia. Lakini ujumbe wa nne umenikaa moyoni hadi leo. "Daktari, samahani kwa kukusumbua usiku huu," aliandika. "Mimi nilikuwapo mpaka mwisho. Swali lako nililijibu mara mbili, hukunisikia."

Naam, nilikuwa nimeketi nikimlaumu kwa kunyamaza mtu aliyekuwa akinijibu.

Tangu mwaka huo tasnifu kuhusu utayari wa wanafunzi zimetungwa nyingi, nami nimeziona kadhaa mezani pangu zikija kusahihishwa. Nyingi hutegemea nadharia moja, ile aliyoichapisha Fred Davis mwaka 1989, inayosema kwamba mtu huikubali teknolojia kwa kadiri anavyoamini kuwa ina manufaa kwake na kwa kadiri anavyoiona kuwa nyepesi kutumia. Ni nadharia nzuri na imestahimili majaribio mengi. Hata hivyo, watu ambao Davis aliwachunguza kwanza walikuwa wafanyakazi wa maabara ya kampuni ya IBM mjini Toronto, Canada. Hawa walikuwa wanaulizwa kuhusu barua za tarakilishi na chombo cha kuhariri maandishi. Mashine zilikuwa za mwajiri, umeme ulikuwa wa mwajiri, na hakuna aliyehitaji kutembea hadi kituo cha biashara ili aweze kuitumia barua yake. Davis mwenyewe, akishirikiana na Venkatesh na wengine, alikubali mwaka 2003 kuongeza mambo mawili zaidi: wanavyosema watu wanaomzunguka mtumiaji, na nyenzo alizo nazo. Mama wa mwanafunzi wangu aliyetumwa maji yumo katika lile la kwanza, na duka la Tana River limo katika la pili.

Mintarafu ya nyenzo, yaani simu, umeme na data, yamesemwa mengi nami sitayarudia kwa urefu. Nitasema jambo moja tu ambalo hesabu za wakuu wetu hulipita haraka. Kiti cha ukumbini hulipiwa na karo, mara moja kwa muhula. Kiti cha mtandaoni mwanafunzi hujinunulia kila asubuhi kutoka mfukoni mwake, ilhali karo ameitoa vilevile. Chuo kinapotangaza kwamba masomo ya mtandaoni yamekipunguzia gharama, kisema pia gharama hizo zimehamia kwa nani. Mwanafunzi anayefunga kamera si lazima awe analala. Huenda anaipimapima data yake kama mpishi apimaye mafuta mwisho wa mwezi.

Lakini tukisema tatizo ni data peke yake, tutashindwa kuieleza historia yetu wenyewe. Kusoma mbali na mwalimu hakukuanza na Korona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu wa shule za msingi katika nchi hii, wengi wao wakiwa mashambani kusikokuwa na umeme, walikuwa wakisoma kwa posta na kwa vipindi vya redio vilivyotayarishwa Kikuyu. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapa walimu nafasi ya kusomea shahada ya elimu bila kuacha kazi zao, kwa vitabu vilivyochapishwa, kanda za kaseti, na vikao vya ana kwa ana nyakati za likizo za shule. Majirani zetu wa Tanzania walipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na katika mwaka wa masomo wa 1993/94 kikaanza kufundisha. Watu hao hawakuwa na nyenzo zinazoweza kulinganishwa na simu aliyo nayo mwanafunzi wa leo. Mbona basi waliridhia?

Kwanza waliyaona manufaa yake waziwazi. Mwalimu aliyefaulu alipanda cheo, na mshahara ukapanda pamoja naye. Mwanafunzi wa leo hana hakika hiyo. Amewasikia waajiri wakiuliza kwa sauti ya dharau kama shahada ilisomewa "darasani au mtandaoni", kama walivyokuwa wakiwauliza watangulizi wake kuhusu masomo ya jioni ya kujilipia. Pili, na hili ndilo ninalotaka lizingatiwe zaidi, mwalimu yule alijibiwa. Alituma zoezi lake kwa posta, likachukua majuma, lakini siku moja bahasha ilirudi ikiwa na wino mwekundu wa mtu aliyeisoma kazi yake. Na likizo ilipofika alikwenda akakutana na mtu huyo uso kwa uso, akamuuliza yale yaliyokuwa yamemtatiza.

Mwingilio huu wa kusema na kujibiwa si pambo la ufundishaji. Wataalamu wa isimu waliolinganisha mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali, na kuyachapisha matokeo yao mwaka 2009, waliona kwamba wastani wa pengo baina ya swali na jibu ni milisekunde 200 hivi, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Pengo hilo likirefuka kidogo tu, msikilizaji huanza kushuku kwamba anayeulizwa hataki au anatafuta namna ya kukataa. Sasa tazama mtandao. Shirika la kimataifa linalosimamia mawasiliano ya simu hupendekeza kwamba sauti isichelewe njiani zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Kwenye mawimbi hafifu ya vijijini kwetu sauti huchelewa kuliko hivyo, na mwanafunzi akishalisikia swali bado sharti akitafute kitufe cha kufungulia kipaza sauti. Kufikia hapo mhadhiri amekwisha kukata tamaa na kuendelea na kurasa zake. Mwanafunzi anapokatizwa hivyo mara tatu, mara ya nne hajisumbui. Nasi tunaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi hawana ari.

Katika somo langu mambo huwa mabaya zaidi. Simu za kale za waya zilipitisha mitetemo ya sauti kuanzia 300 hadi 3,400 hivi kwa sekunde, hali sehemu kubwa ya nguvu za sauti kama "s" iko juu ya 4,000. Programu za leo hupitisha zaidi ya hapo, lakini mawimbi yakidhoofika nazo huichuja sauti ili isikatike kabisa, na aghalabu kinachochujwa ni kile kile kinachozitenganisha konsonanti. Katika mhadhara mmoja nilitamka "thamani", kisha nikatamka "samani", nikauliza tofauti ni ipi. Walionijibu waliniambia nimelirudia neno moja. Ukumbini ningewaonyesha ncha ya ulimi ikigusa meno, na yule ambaye lugha yake ya kwanza haina sauti ya "th" angeiga kwa jicho kabla ya kuiga kwa sikio. Lakini nami nilikuwa nimeizima kamera yangu ili sauti ipite vizuri. Darasa zima lilikuwa limekuwa la vipofu kwa hiari.

Sisemi haya ili kudai kwamba mtandao haufai. Wako wanafunzi walioupokea kwa furaha ya kweli, nami nawajua: yule mama wa mtoto mchanga, yule askari wa zamu ya usiku, yule anayetumia kiti cha magurudumu ambaye chumba chetu cha mihadhara kiko orofa ya tatu bila lifti inayofanya kazi. Yuko pia mwenye haya ambaye katika miaka miwili ya ukumbini hakuwahi kunyosha mkono, lakini mtandaoni huandika maswali ya kunitoa jasho. (Na wako, si haba, wanaoupenda mtandao siku za mitihani tu, kwa sababu ambazo sitazieleza katika gazeti linalosomwa na wazazi wao.)

Tena msomaji asidhani kwamba wanafunzi wengine hawasomei mtandaoni. Wanasoma, isipokuwa si pale tulipowapangia. Kila darasa ninalolifundisha lina kikundi chake cha WhatsApp ambacho sisi wahadhiri hatumo. Nilipata kuonyeshwa kimoja na kiongozi wa darasa aliyetaka nimsuluhishie ubishi kuhusu ngeli ya neno fulani. Nilikuta picha za maandishi ya ubaoni, sauti zilizonaswa ukumbini, mitihani ya miaka iliyopita, na fafanuzi za dakika mbili mbili ambazo mwanafunzi mmoja alimrekodia mwenzake kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Swali lililoulizwa saa tano za usiku lilikuwa limejibiwa kabla ya saa sita, tena na watu watatu. Wakati huo huo ukumbi rasmi wa mtandaoni wa chuo, ambao umegharimu fedha nyingi, ulikuwa na swali la mwanafunzi lililokaa siku kumi na nne bila hata kuonwa. Swali hilo lilikuwa limeelekezwa kwangu.

Tunaweza kusema kwamba WhatsApp ni rahisi na vifurushi vyake ni vya bei ya chini, na hiyo ni kweli. Inawezekana pia kumsubiri mtu ajibu bila kudhani amekataa, kwa kuwa ujumbe haufungwi na sehemu ya tano ya sekunde. Lakini mvuto wake mkuu ni kwamba pale pana mtu. Hapo vijana hawakuamrishwa na waziri wala kuhamasishwa kwa warsha. Waliridhia wenyewe.

Hoja hii ina uzito wa pekee sasa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023 na Rais William Ruto, makao yake yakiwa Konza, na anayejiunga nacho anajua tangu mwanzo kwamba amechagua kusomea mtandaoni. Mimi nakitakia heri. Wasiwasi wangu uko kwa wale ambao hawakuchagua: vijana wanaopokelewa katika vyuo vya kawaida, wakapanga vyumba karibu na chuo kwa kodi inayowakamua wazazi, kisha wakaambiwa kwamba masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza yatafundishwa kwa mtandao. Aghalabu masomo hayo ndiyo yenye wanafunzi wengi mno, na mojawapo, amini usiamini, ni stadi za mawasiliano. Mhadhiri mmoja hupewa wanafunzi mia nane, huweka faili zake, hunasa sauti yake mara moja, na mwaka unaofuata faili zile zile hutumika tena. Kwenye vitabu vya mhasibu hayo ni mafanikio makubwa. Mwanafunzi naye huzipakua faili juma la kabla ya mtihani, akakariri, akapita, na katika dodoso la chuo akatia alama kwenye kisanduku cha "nakubaliana".

Dodoso hilo ndilo litakalotumiwa kuhalalisha kuongezwa kwa masomo ya namna hiyo. Ningeomba wanaolitunga waongeze swali moja: katika muhula huu, ulipouliza, ulijibiwa baada ya muda gani, na nani? Mtu akinionyesha majibu ya swali hilo nitambashiria utayari wa darasa lake bila kuhitaji nadharia ya mtu yeyote.

Kumjibu mwanafunzi kunahitaji watu, na watu hulipwa. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo, na yeyote anayeahidi kwamba mtandao utampunguzia chuo walimu anauza kitu kingine kisichokuwa elimu. Darasa la mia nane likigawanywa katika vikundi vya watu arobaini, hivyo ni vikundi ishirini. Wanafunzi wetu wa uzamili, ambao wengi hawana kazi wala ruzuku, wanaweza kuviongoza wakilipwa ujira wa haki, kila mmoja vikundi viwili au vitatu. Mihadhara iandikwe na kutumwa kwa namna inayoweza kupakuliwa usiku na kusomwa bila mtandao, kama vilivyosomwa vile vitabu vya Kikuyu, na saa chache za kukutana moja kwa moja ziachiwe maswali peke yake. Pale inapowezekana wanafunzi waitwe chuoni kwa siku mbili tatu mwanzoni mwa muhula ili waifahamu sauti ya atakayewajibu. Data ya saa hizo chache chuo kiilipie, maadamu ndicho kilichookoa gharama za ukumbi.

Muhula ujao mimi mwenyewe nimepangiwa somo la aina hiyo, la wanafunzi 612, peke yangu. Nimewasilisha ombi la kupewa wasaidizi sita kutoka miongoni mwa wanafunzi wa uzamili, pamoja na hesabu ya ujira wao kwa majuma kumi na manne. Ombi liliingia ofisi inayohusika juma la pili la mwezi uliopita, likapigwa muhuri wa kupokelewa. Muhula unafunguliwa baada ya siku ishirini na moja, na kiongozi wa darasa amekwisha kunipigia simu mara mbili kuuliza wamtumie nani maswali yao.